Kwa Sifa, Mlinda Lango Anayekwenda Louisville

Sifa mwanangu,

Umeondoka sasa hivi na baba yako kwenda North Buffalo kuwaaga rafiki zako wa shule. Nyumbani nimebaki mimi, bibi yako aliyesinzia mbele ya televisheni, na lile begi lako la vifaa vya golini lililoziba mlango wa jikoni. Nimelisogeza mara mbili, halafu nikaona bora niketi hapa mezani nikuandikie. Kesho asubuhi mnapakia gari, na mimi mbele za watu sijui kusema mambo ya moyoni. Wachezaji wangu wote watakuambia hivyo. Hata kabla ya fainali nilikuwa nasema maneno machache, napiga makofi, natoka.

Sitakuandikia habari za kufua nguo, wala za chakula, wala za koti la baridi. Bibi yako amekwisha kukuambia hayo yote na kuongeza mengine. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayonijia ninapotaka kusema kweli, ingawa Kiswahili changu cha Kivu baba yako amekinyoosha miaka yote hii kwa kile chake cha Kigoma. Wewe utanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako, na si vibaya. Ukikwama kwenye neno mpigie bibi simu. Atajifanya umemsumbua, lakini atafurahi.

Wewe umenikuta tayari ni kocha. Watu wa hapa Buffalo nao wamenikuta ni bosi, mama wa Kikongo mwenye ofisi inayotazama uwanja wa chuo. Hakuna kati yenu aliyewahi kuniona nimesimama mahali sijui chochote. Sasa unakwenda kusoma na kucheza hoki ya nyasi Louisville, mji ambao mimi niliufikia hivyo hivyo, kwa hiyo nataka ujue ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa wawili tu, mimi na bibi yako, tumetoka milimani juu ya Uvira, vita imetubakiza wawili. Bibi alipata kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya wazee. Mimi nikapelekwa shule. Sikujua Kiingereza. Saa ya michezo nilikuwa nasimama kando ya uzio nikisubiri iishe, mpaka mwalimu mmoja, Kocha Doroti, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika barabarani, alikuja akaniwekea gongo la hoki mkononi, fimbo iliyopinda ncha. Akaonyesha mpira. Akaonyesha goli lililokuwa mbali kule. Halafu akaondoka, kana kwamba tumemaliza mazungumzo.

Nilipolileta lile gongo nyumbani, bibi yako aliligeuzageuza.

"Hii fimbo iko ya nini?"

"Ya mchezo, mama. Wamenipa shuleni."

"Donc, yaani tumekimbia vita, tumepanda ndege, tumefika Amerika, bakupatie fimbo ya kuchunga ng'ombe?"

"Si ya ng'ombe. Tunapigia mpira."

"Bon. Na ng'ombe ziko wapi?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na mimi nikaketi naye. Sifa, tangu tushuke kwenye ndege sikuwa nimemsikia mama yangu akicheka. Watu wananiuliza kwenye mikutano kwa nini niliupenda mchezo huu, na mimi nawatajia mambo ya nidhamu na ushirikiano. Kweli yenyewe ni kwamba ulimchekesha mama yangu.

Lakini bibi hakuwa amekosea sana. Mimi nilichunga ndama tangu nikiwa mdogo, na mtu anayechunga ndama anajua kuinama, kukimbia ameinama, na kukitazama kitu kinachotaka kumponyoka. Kocha Doroti aliliona hilo wiki ya kwanza. Akanipanga beki.

Na katika mechi yangu ya kwanza nilipulizwa filimbi kila nilipougusa mpira. Kila mara! Nilikuwa naunyang'anya vizuri, naugeuza, napiga, filimbi. Naangalia mwamuzi, anatikisa kichwa. Wasichana wenzangu wananipigia kelele, sielewi hata neno. Nikajiambia, hawa hawanitaki. Ni rangi yangu, ni nguo zangu, ni nini. Nikatoka uwanjani kabla mechi haijaisha, nikaenda kukaa kwenye basi.

Kocha Doroti alinifuata baadaye na mkebe wa rangi nyekundu. Akalichukua gongo langu akapaka upande mmoja wote, ule wa mviringo. Akaugusa kwa kidole, akaruka nyuma akipuliza kidole chake kama mtu aliyeungua. Akanionyesha ule upande bapa, akaupapasa, akatabasamu. Basi. Kumbe katika hoki unaruhusiwa kupiga kwa upande bapa tu, na mimi muda wote nilikuwa nikipiga kwa upande wowote uliokuwa karibu. Hakuna aliyenichukia. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza.

Nimelikumbuka hilo katika kila kazi niliyofanya. Utakutana na watu wasiokutaka kweli, sitakudanganya. Lakini mara nyingi zaidi itakuwa kuna sheria ambayo wengine wote wameikuta nyumbani kwao na wewe hukuikuta. Uliza siku hiyo hiyo. Mimi nilipoteza muda mwingi kwenye basi.

Nilipomaliza shule, chuo kimoja pale pale Louisville kilinichukua nicheze na kusoma. Nilikuwa beki wa kati, mgumu, mkorofi kidogo. Mwaka wa mwisho ndipo nilipomjua baba yako. Alikuwa amefika karibuni, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Alikuja kutazama mechi, hakuelewa kitu, na ilipokwisha akaniambia, "Riziki, mimi nilidhani wewe ni mpole." Tukaoana baada ya miezi michache. Wazee walisema tumeharakisha. Bon, wewe unatuona tulivyo.

Mwezi niliopokea cheti nilikuwa na mimba yako, na mwezi huo huo nikaitwa Columbus kwa mahojiano ya kazi. Kocha msaidizi. Chuo kidogo, mshahara mdogo, lakini kazi ya hoki, na hapakuwa na mwingine aliyeniita. Shangazi wa kanisani akanipa sweta pana. "Vaa hii, usiseme kitu. Wakishakuajiri watafanya nini?" Baba yako akaniachia niamue mwenyewe.

Nililivaa lile sweta mpaka mlangoni. Kocha mkuu alikuwa mwanamke mkavu mkavu, jina lake Jin, aliyekuwa akila tufaha mezani bila kunikaribisha. Aliponiuliza swali la kwanza, sikulijibu. Nikavua sweta, nikasema, "Kabla hatujaendelea, nina mimba ya miezi minne."

Akaendelea kutafuna. "Mtoto anakuja lini?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Akageuka akatazama kalenda ukutani. "Mechi zetu zinaisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja."

"Najua. Niliangalia."

"Uliangalia ratiba yetu?"

"Yote. Na ya wapinzani wenu."

Ndipo alipoacha kula. Tuliongea mpaka jioni juu ya mabeki. Nikapata kazi, na wewe, mwanangu, ukazaliwa siku chache baada ya mechi ya mwisho, kana kwamba ulisikiliza.

Columbus unaikumbuka. Ile nyumba ya kupanga kule Linden yenye ngazi zinazolia, na baba yako anatoka kazini ghalani asubuhi na kukupokea kwangu mlangoni. Tulikuwa tunakupokezana kama watu wa zamu. Siku alizochelewa nilikubeba mpaka mazoezini, nikakuweka kwenye kigari chini ya mwavuli pembeni, na Kocha Jin akawa anakusukuma kwa mguu huku akipiga kelele kwa washambuliaji. Huko ndiko ulikojifunza kulala kwenye kelele.

Kocha Jin alipostaafu akanipendekeza mimi. Mwaka wangu wa kwanza kama kocha mkuu tulipigwa karibu na kila mtu. Unajua kwa nini? Nilikuwa najaribu kuwa Jin. Nilinyamaza alivyonyamaza, nilitazama watu alivyowatazama, hata tufaha nilikula. Wachezaji walinitazama kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Siku moja, katikati ya mazoezi, hasira ikanipanda nikawafokea kwa Kiswahili, maneno ya bibi yako yote, hata ya ng'ombe. Kisha mmoja akasema, "Kocha, sijaelewa kitu, lakini sasa nimeelewa." Wakacheka, nikacheka. Kuanzia siku hiyo nilifundisha kama mimi. Mpaka leo wasichana wa Ohio wenye nywele za dhahabu wanajua maana ya "rudi nyuma" na "pole pole" na "usilale!"

Tulianza kushinda. Na tuliposhinda ndipo nilipofanya kosa linaloniuma kuliko yale ya kupoteza.

Ilikuwa nusu fainali. Tumetoka sare, muda wa nyongeza umekwisha, sasa ni ile ya mchezaji mmoja mmoja kukimbia na mpira dhidi ya mlinda lango. Mlinda lango wetu alikuwa Kelsi, msichana wa shamba, mfupi, mwenye mabega kama mlango. Alikuwa ametuokoa mchana kutwa. Lakini benchi nilikuwa na mwingine, mrefu, mwenye mikono mirefu. Nikahesabu kichwani haraka haraka, nikaona urefu utatufaa. Nikamtoa Kelsi. Tulifungwa mipira yote isipokuwa mmoja.

Kwenye basi Kelsi alikuja kuketi kando yangu. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Kocha, sikasiriki kwamba umenitoa," alisema. "Wewe ndiye kocha. Lakini wale watatu wa kwanza nimecheza nao tangu utotoni. Najua kila mmoja anakwenda upande gani. Hukuniuliza."

Niliangalia mashamba yakipita. Kisha nikamwambia, "Mwakani nitakuuliza."

"Mwakani tutafika fainali," akasema, akarudi kwenye kiti chake, akalala.

Na tulifika. Wewe ulikuwa na miaka minane, umekaa na bibi yako safu ya mbele, umejifunga bendera ya chuo kama kanga. Sare tena. Muda wa nyongeza, hakuna kitu. Nikamwita Kelsi. Nilikuwa na msaidizi mmoja kulia na mwingine kushoto, wote wananiambia yule mrefu yuko tayari, amefanya mazoezi mwaka mzima. Nikawaambia wanyamaze.

"Unawajua hawa?" nikamuuliza.

"Wawili nawajua. Wa tatu sijawahi kumwona."

"Utafanyaje?"

"Nitamfuata yeye. Sitaufuata mpira."

"Nenda."

Wa kwanza alizuiwa. Wa pili akafunga. Wetu wakafunga mmoja, wakakosa mmoja, wakafunga mwingine. Kisha akaja yule asiyejulikana, kijana wa kike mwenye kasi ya ajabu, akapinda kushoto, akapinda kulia, na Kelsi akamfuata bila kuutazama mpira hata kidogo, akimsukuma nje, nje, nje, mpaka pembe ikawa nyembamba kama uzi. Alipopiga, mpira uligonga buti la Kelsi ukatoka. Wetu wa nne akakosa, na wa nne wao akapiga mwamba. Wetu wa mwisho akatulia, akamzunguka mlinda lango wao, akausukuma ndani taratibu kama mtu anayefunga droo.

Sijui nilikimbiaje. Nakumbuka niko chini ya rundo la wasichana, nina nyasi bandia mdomoni, na juu ya kelele zote nasikia vigelegele vya mama yangu. Uwanja mzima wa Waamerika waligeuka kumtazama. Akaendelea. Waliojaribu kumwiga walishindwa vibaya.

Jioni ile hotelini ulituambia kwamba unataka kuwa kama Kelsi. Bibi akashtuka.

"Yule mwenye nguo kubwa kama mududu? Mutoto muzuri kama weye, uso bautie ndani ya kofia?"

Ukamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, huyo huyo, huyo mdudu. Nilitaka kukuambia uchague nafasi nyingine. Mlinda lango hufungwa mbele ya watu wote, na makosa ya wengine yanaandikwa kwenye jina lake. Kisha nikamkumbuka Kelsi kwenye basi, nikanyamaza. Katika mambo yote niliyokufanyia, huenda kunyamaza huko ndiko nilikofanya vizuri zaidi.

Tulichukua ubingwa mara mbili tena pale Columbus. Kisha Buffalo wakaniita, naibu mkurugenzi wa michezo, ofisi na kiti kinachozunguka. Wewe ulilia njia nzima. Ulisema tunakwenda mahali pa theluji pasipo na mtu. Tukanunua nyumba hii ya Black Rock kwa watu waliokuwa wanahama, na wiki ya pili ukagundua kwamba nusu ya mtaa wanaongea kama bibi yako.

Kile ambacho hukujua wakati ule ni kwamba kabla sijamaliza kufungua maboksi ofisini, rais wa chuo aliniita kunieleza kwamba wanaifuta timu ya hoki ya wanawake. Mji huu, alisema, ukisema hoki watu wanafikiria barafu. Hii ya kwenye nyasi hakuna anayekuja kuitazama. Aliniambia kwa upole. Alidhani ananiondolea mzigo.

Nilimwomba msimu mmoja.

"Utafanya nini ndani ya msimu mmoja?" akauliza.

"Utaona watu."

Nilitoka pale bila mpango wowote. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Akasema, "Wewe unatafuta watu wa kupiga kelele, na mimi Jumapili naimba na watu mia wasioweza kunyamaza. Tatizo liko wapi?"

Jumapili ile nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nilieleza mchezo, nikaonyesha gongo, nikawaalika wote kwenye mechi yetu. Mama mmoja mwenye watoto watano wa kike akainua mkono.

"Hii mambo iko bure?"

"Bure, mama. Na Jumamosi asubuhi binti zenu waje, wachezaji wangu watawafundisha."

"Na sisi tukuje na chakula?"

"Mje na chakula. Na ngoma."

Siku ya mechi ulikuwepo, Sifa, kwa hiyo nitasema kifupi. Mvua ya baridi, upepo kutoka mtoni, na wale watu wakaja. Magari yakajaa mpaka barabara ya nyuma. Wakongo upande huu, Warundi upande ule, kwaya mbili zikijibizana, sambusa zikipita kutoka mkono hadi mkono, wanafunzi wa chuo wakitoka mabwenini kuuliza kuna nini. Bibi yako akiwaeleza wenzake sheria, zote kwa makosa. Mwenyekiti wa bodi alifika kipindi cha pili akakosa pa kukaa. Akasimama kando yangu na mwavuli.

"Hawa ni akina nani?" akaniuliza.

"Majirani zako," nikamwambia.

Tulishinda kwa bao moja, na watu walicheza ngoma kwenye maegesho ya magari mpaka walinzi nao wakaanza kutikisa mabega. Kwenye kikao cha bodi hakuna aliyelitaja tena jambo la kufuta timu. Baada ya miaka miwili mkurugenzi aliondoka, wakanipa kiti chake. Na msimu uliopita, wawili kati ya wale mabinti watano wa yule mama waliingia uwanjani wakiwa wamevaa jezi ya chuo. Mama yao aliniangukia shingoni.

Mwanangu, wakati mwingine mtu akikuambia hapana, anakuambia tu alichokiona mpaka sasa. Mimi sikumshinda rais kwa hoja. Nilimwonyesha watu aliokuwa anaishi nao bila kuwajua. Na nisingewapata kama ningeona aibu kusimama kanisani na gongo mkononi.

Nasikia gari. Mmerudi, na baba yako anaimba, kwa hiyo nimalize.

Jambo moja la kazi. Unajua kwamba mwezi wa kumi timu yako inakuja kucheza hapa Buffalo. Ratiba hiyo nimeitia sahihi mwenyewe, kwa furaha. Kocha wako akikupanga golini, usitafute uso wangu. Nitakuwa upande wa wenyeji, na koti la chuo changu, nikiwashangilia wasichana wangu kwa nguvu zote, kama kazi yangu inavyotaka. Bibi yako ametangaza kwamba yeye hana kazi chuoni na atasimama nyuma ya goli lako.

Washambuliaji wangu walikuja ofisini wiki hii. Walitaka niwaambie wakufunge upande gani. Nikawaambia nimekutazama golini tangu una miaka minane, na mimi mwenyewe bado natafuta.

Mama yako,
Riziki